Mwaka wa Demarere

Mama Zaituni alifariki Jumanne, nikapata habari Jumatano jioni, na nilipofika Gisenyi Alhamisi saa nne asubuhi walikuwa wamekwisha kumzika. Kwao Waislamu maiti hangojeshwi kwa ajili ya mtu wa mbali. Nilivua viatu mlangoni pa nyumba ile ile ya Mbugangari, nikaingia chumba cha wanawake, nikakaa mkekani kati ya akina mama niliowaacha wakiwa wasichana. Zaituni, binti mkubwa wa marehemu, alinishika mikono yote miwili akanikagua uso bila haraka. "Epi," akasema. "Kumbe uko muzima." Nikamwambia neno linalosemwa huku kwenye msiba, wihangane, akaitikia, na mtu akaniletea chai ya tangawizi yenye sukari nyingi mno, kama alivyokuwa akiipika marehemu mwenyewe.

Msibani watu huanza kwa kumzungumza aliyekufa, kisha taratibu mazungumzo huhamia kwa walio hai. Jirani mmoja alisema kwamba Mama Zaituni aliondoka na kidonda kimoja tu, nacho ni Masudi, mwanawe wa kiume. Zaituni akakubali kwa kichwa. "Alisema mpaka mwisho," akasema. "Masudi angekuwa fundi mukubwa kupita bote ba huku, ila kichwa yake inasahau. Mutu mwenye anasahau vitesi, utamupatia gari ya nani?" Wanawake wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani kisicho na ubaya, na mmoja akaniambia, "Si we ulikuwako, mama? Ile siku ya demarere?" Nikasema nilikuwako. Nikaweka kikombe chini. Dirishani niliona turubai la wanaume, na chini yake Masudi, ndevu zimeingia mvi, kofia nyeupe kichwani, mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele ya kiti maana haukunjiki vizuri. Hatukuwa tumeonana kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka ninaousimulia hapa ni mmoja tu. Nilizaliwa na nani, na kwa nini tuliishi Kigoma kabla ya kurudi Rwanda, si habari za sura hii. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepata kazi ya kuandika risiti katika ofisi ya ushirika wa wavuvi kule Rubona, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Zaituni kwa sababu kilikuwa cha bei nafuu na kwa sababu siku nilipokwenda kukiona alinipa chapati kabla hajanitajia kodi. Kilikuwa na kitanda, meza iliyotengenezwa kwa mbao za sanduku, na dirisha linalotazama uani, ambako ardhi ilikuwa changarawe nyeusi ya volkano iliyolia chini ya kila mguu. Ukuta wa upande wa kichwani ulikuwa wa mbao na haukufika darini. Nyuma yake ndipo Mama Zaituni aliposhona. Nililala kwa sauti ya cherehani yake na kuamka kwa sauti hiyo hiyo, na kupitia ukuta ule nilizijua bei za vitenge, magomvi ya wateja waliotaka nguo ya sikukuu siku ya sikukuu, na dua zake za alfajiri. Kiswahili changu cha Kigoma kiliwachekesha. Nikisema "naomba maji ya kunywa tafadhali," Mama Zaituni alimwita Zaituni atoke jikoni. "Kuja usikilize," alisema, "redio inaomba maji." Jina la Redio likanikaa mwaka mzima, na kusema kweli nililipenda, kwa kuwa sijawahi kupewa jina la utani na watu wasionipenda.

Masudi alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa fundi katika gereji ya Fundi Karoli, mzee wa Mbugangari aliyemfundisha kazi tangu akiwa kijana mdogo, na alikuwa na gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, alilolinunua likiwa limegongwa na kulifufua kwa miezi minane, kipande kwa kipande. Asubuhi alitubeba wafanyakazi wanne mpaka Rubona, mimi nikiwa mmoja wao, kisha akarudi gereji. Watu walisema alikuwa mwepesi wa mikono, lakini mimi nililoliona ni uangalifu. Alishika spana kwa ncha za vidole, kama mama yake alivyoshika mkasi. Alipokaza boloti aliigusa tena kwa kidole gumba, kisha akaipitia tena akisema kwa sauti ya chini, "Hii, tayari. Hii, tayari." Jioni alinawa kwa sabuni ya unga mpaka viwiko, akaja kukaa mkekani, na sote wanne tukala ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, au dagaa wa sambaza wa kukaanga niliowapata kwa bei ya ofisini, huku Mama Zaituni akitusimulia mteja wa siku hiyo alivyokataa kukiri kwamba amenenepa.

Msimu wa mvua ulipoanza, gari likaanza kusumbua. Unageuza ufunguo, na badala ya injini kunguruma unasikia mlio mmoja mkavu, tak, kisha kimya. Unarudia, tak. Mara ya tatu linawaka. Masudi alisikiliza amefumba macho, akasema, "Demarere inachoka." Demarere ndiyo stata, ile mota inayoamsha injini, huku neno la Kifaransa ndilo lililoota mizizi. Aliifungua Jumapili moja uani, akavitandaza vipande vyake juu ya gunia, akabadilisha yale makaa madogo ya ndani yanayopeleka umeme, ikapona. Baada ya wiki sita mlio ukarudi. Akabadilisha tena, ikapona wiki mbili. Mara ya tatu akaitazama kwenye mwanga akaniita nione shaba ilivyolika. "Hii imekwisha, Epi. Ni kununua ingine."

Siku hiyo hiyo nilipita naye gereji. Fundi Karoli alikuwa amekaa juu ya tairi akila mahindi ya kuchoma.

"Mupya iko elfu makumi tisa," akasema. "Ya okazio, yenye inatoka Goma, makumi ine. Na kama unataka nikudanganye, iko ya elfu kumi na tano. Itakufikisha Rubona. Kurudi, utajua we mwenyewe."

"Na kazi ya kuifunga?" Masudi akauliza akitania.

"Kazi nikuuzie we? Bon, nipe soda."

Mshahara wangu wa mwezi haukufika elfu arobaini, bei ya ile ya okazio, iliyokwisha kutumika. Wala Masudi hakuwa na pesa hizo mkononi, ila alianza kuziweka kwenye bati la maziwa ya unga, na alikadiria kwamba kwa mwezi na nusu zingetimia. Mpaka hapo tungegonga. Kugonga ni hila ambayo kila fundi anaijua: mtu mmoja anaingia chini ya gari na kipande cha chuma, mwingine anakaa kwenye usukani, wa chini anaigonga demarere ishtuke, wa juu anageuza ufunguo wakati huo huo, na kwa kawaida inazunguka. Wa chini alikuwa yeye. Wa juu nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa tayari nimevaa nguo za ofisini na sikuweza kulala changaraweni.

Kabla ya mara ya kwanza alinifundisha sheria moja. Aliingiza mkono dirishani, akashika gia, ambayo huku huitwa vitesi, akaitikisa kulia na kushoto. "Unaona? Inacheza. Kama inacheza, vitesi haiko ndani, iko muzuri. Kama haicheze, usitie kontakti. Hata mi nikipiga kelele, usitie." Nikasema nimeelewa: gia isipocheza, nisigeuze ufunguo. Kila asubuhi aliitikisa mwenyewe mara mbili, ndipo akazunguka upande wa kulia, akalala chali mbele ya gurudumu, akapenyeza mkono wake ndani. Kutoka pale nilipokaa sikumwona. Nilisikia changarawe, kisha sauti yake ikitoka sakafuni, "Tia!", na chuma kikigonga chuma, nami nikageuza ufunguo. Nilikuwa na furaha asubuhi zile, niseme kweli. Hatukuwa wachumba. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo katika nyumba ile, lakini Zaituni alikwisha kuacha kuketi kati yetu wakati wa kula.

Jumapili baada ya misa alinifundisha kuendesha, kwenye barabara ya kuelekea Nyakiriba, ambako wakati huo ulikutana zaidi na baiskeli zilizobeba viazi kuliko magari. Alikuwa na mpango. Mimi nikipata permi, yaani leseni, ningeacha risiti za samaki na kuendesha gari mchana kutwa, yeye akibaki gereji, na baada ya mwaka mmoja tungelinunua la pili. Aliusema mpango huo akitazama mbele barabarani, si mimi. "Tungelinunua," alisema. Nililisikia neno hilo vizuri.

Jioni moja, baada ya swala ya magharibi, nilikuwa nimejilaza chumbani na malaria kidogo, cherehani ikanyamaza ghafla ng'ambo ya ukuta, nikamsikia Mama Zaituni.

"Bati iko bule. Franga ya demarere iko wapi?"

"Iko, Mama."

"Iko wapi?"

"Epi atafanya egzame ya permi. Nilimulipia. Na ile gari ya egzame pia inakodishwa." Kisha, haraka, "Akipata permi, demarere itanunuliwa kwa mwezi moja tu. Hata mupya."

"Na kwa sasa?"

"Kwa sasa tutagonga."

Nikasikia uzi ukikatwa kwa meno. "Yeye anajua?"

"Hapana. Mama, usimwambie."

Cherehani ikaanza tena. Asubuhi yake Masudi alinipa karatasi ya kujiandikisha mtihani, imegongwa muhuri, akasema alipata kazi ya pembeni ikamlipa vizuri. Ningeweza kusema nilisikia kila kitu. Ningeweza kwenda na karatasi ile kuomba kurudishiwa pesa, tukanunua ile ya okazio kutoka Goma, na mengine yote yasingetokea. Nilisema asante. Niliitaka permi ile. Nilitaka pia, na hili lilinichukua miaka kulikubali, kuwa mtu ambaye bati la maziwa limemwagwa kwa ajili yake.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo kulikuwa na ukungu kutoka ziwani, na Mama Zaituni alikuwa akikaanga mandazi jikoni. Moshi ulining'inia uani bila kupanda. Abiria wenzangu watatu walikuwa wakitungoja barabarani. Masudi alifungua mlango, akaitikisa gia mara mbili mbele ya macho yangu, ikacheza. Nikaingia, nikakaa. Akazunguka, akainama, halafu akainuka. Chuma chake hakikuwapo. Zaituni alikuwa amekichukua kuzuia mlango wa jikoni. "Ngoja," akasema, akaenda kukitafuta.

Nilikuwa peke yangu garini labda dakika tatu. Nikafikiria Alhamisi. Kitu kilichokuwa kikinishinda ni kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili bila gari kuruka, basi nikakanyaga klachi nikaanza kufanya mazoezi gari likiwa limezimwa: moja, mbili, moja, mbili, nimefumba macho kama yeye alivyofanya akisikiliza injini. Nilikuwa najifurahisha. Jikoni nilimsikia akibishana na Zaituni kuhusu chuma na Zaituni akimrushia andazi. Nikaachia klachi. Changarawe ikalia upande wa kulia, na sauti ikatoka chini, imejaa andazi mdomoni: "Tia!"

Nikageuza ufunguo.

Asubuhi hiyo demarere haikusema tak. Ilizunguka mara moja, kwa nguvu zote, ndiyo mara ya kwanza kwa miezi miwili, na gari likaruka mbele, likapanda juu ya kitu, likashuka, likazimika. Sitaandika nilichosikia. Nitaandika tu kwamba baada yake kulikuwa na kimya, na katika kimya kile mafuta ya mandazi yaliendelea kuchemka. Kisha Mama Zaituni akatoka. Majirani waliruka ua. Mtu akapiga kelele gari lisukumwe nyuma, wakasukuma, likakataa, na mtu huyo huyo akanipigia kelele, "Tosha vitesi! Tosha vitesi!" Nikakanyaga klachi, nikaitoa gia kwa mkono wangu mwenyewe. Gari likarudi nyuma. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika pajani, mara mbili, na kichwa chake kilikuwa kimegonga jiwe. Alikuwa anapumua.

Hospitalini alilala siku mbili bila kusema la maana. Siku ya tatu, Jumatano, aliamka. Tulikuwa tumesimama pale mama yake, Fundi Karoli na mimi. Fundi Karoli alikuwa amevua kofia. Aliuliza polepole, si kwa kulaumu, ila kama fundi anayetaka kujua, "Masudi, vitesi ilikuwa ndani?"

Masudi akanitazama. Akamtazama Fundi Karoli. "Lazima nilisahau kutosha," akasema. "Ni mi."

"Mana weee," Mama Zaituni akasema. "Haraka yako, Masudi. Haraka yako!" Akaanza kulia, na mimi nikamshika bega ili asianguke.

Nilijiambia kwamba amejua. Alikuwa ameitikisa gia mara mbili, mtu ambaye aliigusa kila boloti kwa kidole gumba; angewezaje asijue? Amejua, amenitazama, na kwa macho yale ameniambia ninyamaze. Nilijenga maisha yangu juu ya macho yale. Jioni hiyo hiyo, nilipobaki naye dakika chache, alinong'ona, "Kesho ni Alhamisi. Enda ufanye egzame. Isikufe bule." Nikaenda. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, gari halikuruka hata kidogo. Nilifaulu.

Miezi mitano iliyobaki ya mwaka ule nilikula kwenye mkeka ule ule. Masudi alirudi kutoka hospitali na mguu uliopungua urefu, akalala katika chumba cha kushonea, upande wa pili wa ukuta wangu, na usiku sikuisikia cherehani tena kwa kuwa mama yake hakutaka kumwamsha. Gari liliuzwa kulipa hospitali. Aliyelinunua alilivuta kwa kamba kwa sababu halikuwaka. Wakati wa kula Mama Zaituni alimtilia Masudi kipande kikubwa cha samaki na maneno pamoja nacho: we na haraka yako, we na kichwa yako. Kisha alinigeukia mimi na kuniwekea kipande cha pili kwa ukubwa. "Kula, mwanangu. Na we uliona mabaya." Nilikula. Masudi hakujitetea hata mara moja, na kila aliponyamaza nilizidi kuamini kwamba ananifichia siri. Mwishoni mwa mwaka nilipata kazi Kigali. Aliniaga mlangoni akiegemea fimbo. Niliahidi kuandika, na sikuandika.

Tangu hapo nimeendesha magari mengi. Hili nililonalo halina hata klachi, lakini kila asubuhi kabla ya kuliwasha mkono wangu wa kulia unakwenda kwenye gia na kuitikisa, na wanangu walikua wakidhani ndivyo magari yote yanavyowashwa. Mwaka juzi stata yake iliharibika, fundi akanitajia bei huku akijiandaa kwa mabishano, nami nikalipa hapo hapo ile mpya, ya bei kubwa kabisa, kisha nikakaa garini bila kuliwasha. Alinijia dirishani kuniuliza kama bei imeniumiza.

Nililala Gisenyi siku ile ya msiba, na asubuhi ya Ijumaa nikamkuta Masudi katika chumba cha kushonea. Sasa ndiye mwenye chumba. Anauza nyuzi, vifungo na zipu. Kuta zimejaa vidroo vidogo, kila kimoja kina rangi ya uzi wake mbele. Cherehani ya mama yake ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alinipa kiti, akauliza wanangu, mimi nikauliza wake. Kisha nikasema, "Masudi, ile siku, gia niliiweka mimi."

"Siku gani?" akauliza.

Nilikuwa nimeishi na siku ile mpaka nikadhani haina haja ya jina. Nikamweleza yote, tangu chuma cha mlangoni mpaka moja, mbili, moja, mbili. Alisikiliza akiwa ameshika kidonge cha uzi wa buluu. Nilipomaliza akakirudisha kwenye droo yake, akaisukuma ifungike.

"We njo ulitia vitesi."

"Ndiyo."

"Mi nilikuwa nimetosha."

"Ulikuwa umetoa. Ulitikisa mara mbili, nikiona." Nikaona nimalize. "Nilidhani unajua. Hospitalini ulinitazama. Nilidhani ulisema vile ili kunifichia."

"Nikufichie?" Alinishangaa kwa dhati. "Epi, mi sikukumbuka kitu. Mpaka leo. Nakumbuka natafuta ile chuma, basi. Fundi Karoli aliniuliza, nikajiuliza, ni nani mwingine? We ulikuwa unafuata tu yenye nasema. Nilikutazama nione kama umeumia." Akaunyoosha mguu wake. "Unajua kwa nini niliacha gereji?"

"Mguu."

"Mguu!" Akainua mikono yake miwili akaitazama pande zote. "Fundi Karoli alinirudisha. Aliniwekea meza, kiti, nifanye injini nimekaa. Nilifunga injini moja, nikafungua, nikafunga tena, mara ine, juu sikuamini kama nilikaza boloti. Nilikuwa nalota boloti. Nikamurudishia spana yake. Mutu mwenye anasahau vitesi akiwa ye mwenyewe chini ya gari, atasahau nini kwa gari yenye kubeba batoto ba batu?" Alikuwa akisema polepole, bila kelele. "Miaka ishirini na mbili, Epi. Naangalia jiko mara tatu kabla ya kulala. Bibi yangu njo anahesabu franga, mi siamini hesabu yangu."

Nilisema nisamehe, kwa Kinyarwanda, mbabarira, kwa sababu kwa Kiswahili halikutoka.

Aliitazama cherehani iliyofunikwa. "Mama alijua?"

"Hapana."

"Hukumwambia, hata siku moja."

"Hapana."

"Donc alikufa akisema ni kichwa yangu." Akashika fimbo yake, akasimama, akanifungulia mlango. "Enda, Epi. Enda sasa, nisiseme neno lenye nitajutia."

Niliendesha mpaka Kigali bila kusimama. Wiki tano zikapita. Sikutegemea kitu, na kila simu ilipolia nilitegemea. Kisha akapiga mwenyewe. Hakunisalimu. "Arobaini ya Mama ni Jumapili," akasema. "Utakuja. Yenye uliniambia, utaisema mbele ya bote bale walisikia ile ingine." Nikasema nitakuja. Mume wangu, ambaye nilimweleza usiku huo huo kwa mara ya kwanza, aliniuliza kama nataka anisindikize. Nikakataa.

Walisoma hitima asubuhi. Baada ya dua sahani za pilau zikaandaliwa sebuleni, na Masudi akawataka watu wa nyumbani wakae pamoja kabla ya kuanza kula: dada yake Zaituni, mkewe, watoto wao watatu wakubwa, majirani wawili wa zamani, na Fundi Karoli, ambaye sasa haoni vizuri na alishikwa mkono kuingia. "Huyu ni Epi," Masudi akasema. "Alipanga kwa Mama. Iko na neno."

Nikalisema. Nililisema kwa kifupi na sikuongeza kwamba nilikuwa msichana, wala kwamba nilikuwa na hofu. Nikawaambia pia habari ya bati la maziwa, kwamba nilisikia kupitia ukuta na bado nikaipokea karatasi ya mtihani. Binti mkubwa wa Masudi alimgeukia baba yake, akamtazama kama mtu aliyeingia sasa hivi. Fundi Karoli alitikisa kichwa kwa muda mrefu, machozi yakimtoka bila sauti. "Mi nilimufundisha," akasema. "Mi nilimufundisha, na nilikubali ni yeye."

Zaituni alinyoosha mkono akaichukua sahani iliyokuwa mbele yangu, akainuka nayo kwenda jikoni. Hakuna aliyemzuia, na mimi nikaanza kukusanya kanga yangu niondoke.

"Zaituni," Masudi akasema. "Rudisha. Mwache akule."

Akasimama mlangoni, mgongo ametugeuzia. Kisha akarudi, akaibwaga sahani mbele yangu, wali ukamwagika mkekani. Nikanawa mkono. Nikala, tonge moja baada ya jingine, wote wakinitazama, na hakuna aliyegusa chakula chake mpaka nilipomaliza.